Usukani Unaosema, Kiti Kinachotuliza: Utii wa Gari na Starehe ya Mwendo katika Magari ya Michezo

Ikisiri

Katika mijadala ya uhandisi wa magari imezoeleka kudaiwa kwamba gari la michezo haliwezi kumtii dereva ipasavyo bila kumuumiza mgongo, na kwamba kila hatua ya kulilainisha ni hatua ya kuuziba mdomo usukani wake. Makala haya yanaonesha kuwa dai hilo lina ukweli wa sehemu tu. Kwa kurejelea Lotus Elise, Alpine A110, Porsche 911 na Citroën SM, yanaeleza namna taarifa zinavyosafiri kutoka kwenye tairi hadi mikononi, mahali ambapo starehe na utii hugombana kwa hakika, na mahali ambapo huvuta kamba upande mmoja. Hoja yake ni kwamba adui mkuu wa sifa hizi ni uzito wa gari, na kwamba kanuni zinazosimamia usukani hupima nguvu anayotumia dereva pasipo kupima taarifa anayopewa.

Istilahi kuu: hisia ya usukani, utii wa gari, starehe ya mwendo, pembe ya mserereko, uzito.

1.0 Utangulizi

Neno usukani lilikuwa baharini kabla ya kuingia barabarani. Nahodha wa jahazi anaposhika kana hapati tu njia ya kukielekeza chombo. Uzito wa maji yanayosukuma ubao wa usukani humwambia mkononi kama tanga limebeba upepo kupita kiasi, kama mkondo umegeuka, au kama chombo kimeanza kukataa. Lugha haikukosea basi ilipolichukua neno hilo na kuliweka ndani ya gari, kwa kuwa usukani wa gari nao una kazi mbili: kupeleka amri chini na kurudisha habari juu. Mjadala unaochunguzwa hapa unahusu zaidi kazi ya pili, ambayo ndiyo rahisi kusahauliwa.

Dhana tatu hazina budi kutenganishwa. Utii wa gari ni uwezo wake wa kufuata amri ya dereva kwa haraka, kwa kiasi alichokusudia, na bila vishindo vya ghafla hata linapokaribia kuteleza. Hisia ya usukani ni habari inayofika mikononi kuhusu hali ya tairi za mbele na ya barabara. Starehe ya mwendo ni kiasi ambacho mwili wa msafiri hukingwa dhidi ya mitikisiko ya barabara. Katika mazungumzo ya kawaida dhana mbili za kwanza huchanganywa kuwa moja, kisha hiyo moja huwekwa kinyume cha ya tatu.

Gari moja linatosha kuonesha kasoro ya mpangilio huo. Mwaka 1970 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilitoa gari la SM, lenye injini ya silinda sita iliyotengenezwa na Maserati. Usukani wake ulihitaji mizunguko miwili tu kutoka ukomo wa kushoto hadi ukomo wa kulia, ulirudi katikati wenyewe kwa shinikizo la mafuta ya haidroliki hata gari likiwa limesimama huku injini ikinguruma, na ulizidi kuwa mzito kadiri mwendo ulivyoongezeka. Uzito huo haukutoka kwenye tairi. Ulitengenezwa na mtambo. Shimo la barabarani halikumfikia dereva mikononi, wala dalili ya utelezi. Hata hivyo SM lilitii, tena upesi mno kwa aliyelizoea, na starehe yake ilikuwa ya kupigiwa mfano. Inawezekana basi kuwa na utii na starehe bila hisia. Swali linalobaki ni kile anachokikosa dereva wa gari la namna hiyo.

2.0 Habari inayotoka kwenye tairi

Sehemu ya tairi inayogusa lami haizidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Dereva anapozungusha usukani, gurudumu hutazama upande mmoja ilhali gari bado linakwenda upande mwingine. Tofauti hiyo ya mwelekeo ndiyo inayoitwa hapa pembe ya mserereko. Mpira hujipinda, na kujipinda huko ndiko kunakozaa kani ya upande inayoliwezesha gari kukata kona. Mpira, hata hivyo, haujipindi kwa usawa. Ile sehemu iliyogusa lami punde tu, yaani ya mbele, haijavutwa sana. Ya nyuma imekwisha kuvutwa kwa nguvu. Kwa sababu hiyo kani ya upande haipiti katikati ya mguso, bali sentimita chache nyuma yake, na umbali huo mdogo huwa mkono wa wenzo unaojaribu kulinyoosha gurudumu. Dereva huupata mikononi kama uzito wa usukani.

Jambo lenye thamani kubwa hutokea baadaye. Pembe ya mserereko inapozidi, mpira wa sehemu ya nyuma ya mguso huanza kuteleza, kitovu cha kani husogea mbele, na wenzo hufupika. Momenti inayoufanya usukani uwe mzito hufika kilele na kuanza kushuka wakati kani ya upande yenyewe bado inapanda. Kwa maneno mengine, usukani huanza kuwa mwepesi kabla tairi haijamaliza uwezo wake wa kushika barabara. Onyo hutangulia tukio. Dereva aliyefundwa na mikono yake hupunguza mwendo au hulegeza kona wakati huo, pengine hata bila kujua ni nini kilichomwambia.

Onyo hilo ni dhaifu na hufunikwa kwa urahisi. Kifuniko cha kwanza ni jiometria. Wahandisi huulaza nyuma kidogo mhimili ambao gurudumu huzungukia ili gari lijinyooshe lenyewe, na hivyo huongeza wenzo wa pili usiotegemea mpira. Wenzo huu haufupiki tairi inapokaribia kuteleza. Ukiwa mrefu kupita kiasi, uzito wake huumeza ule wa kwanza, na dereva hubaki na usukani mzito usiobadilika. Hapa ndipo penye kosa linalorudiwa sana na wauzaji, na wakati mwingine hata na waandishi wa magari: kuuchukulia uzito wa usukani kuwa ndio hisia yenyewe. Usukani mzito unaweza kuwa bubu kabisa, na mwepesi ukawa msemaji.

Kifuniko cha pili ni msuguano katika viungo, raki na mhimili wa usukani, ambao humeza mabadiliko madogo na kuruhusu makubwa tu yapite. Cha tatu ni mota ya umeme inayomsaidia dereva. Mota huzunguka kwa kasi kubwa kuliko usukani, na ukaidi wake wa kubadili mwendo hukuzwa kwa mraba wa uwiano wa giya. Ikiwa mota inazunguka mara 20 kwa kila mzunguko mmoja wa usukani, ukaidi wake huhisika mikononi kana kwamba umeongezwa mara 400. Mitetemo midogo ya haraka kutoka kwenye lami hushindwa kuusukuma mzigo huo. Programu za kompyuta zinaweza kufidia sehemu ya upungufu, na zile bora hufanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Lakini kinachofika mikononi wakati huo ni makadirio ya kompyuta kuhusu kilichotokea chini.

3.0 Mahali penye ugomvi wa kweli

Mwili wa binadamu hauichukii mitikisiko yote kwa kiwango kimoja. Kipimo cha kimataifa cha ISO 2631 huonesha kuwa mtu aliyeketi huathirika zaidi na mitikisiko ya juu na chini ya kati ya 4 na 8 kwa sekunde, ambayo huamsha viungo vya tumbo na kifua, ilhali mawimbi ya polepole sana, chini ya nusu wimbi kwa sekunde, huleta kichefuchefu. Kati ya hatari hizo mbili kuna nafasi, na wasanifu huweka mdundo wa bodi hapo. Gari la kifahari hupanda na kushuka juu ya springi zake takriban mara moja kwa sekunde, la michezo mara moja na nusu hadi mbili, na la mashindano zaidi ya hapo.

Tarakimu hizi zina gharama inayopimika kwa rula. Mdundo wa mara moja kwa sekunde maana yake ni springi inayobonyea kiasi cha sentimita 25 chini ya uzito wa gari lililosimama. Mara moja na nusu hushusha kiasi hicho hadi sentimita 11. Mara mbili, hadi sentimita 6. Gari la michezo limejengwa chini, na nafasi ya springi kubonyea ni haba. Huu ni mgongano halisi ambao hakuna maneno matamu yatakayouondoa.

Hata hivyo ulaini peke yake hauleti starehe. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce na kujiunga na Cadillac mwaka 1930, alitengeneza gari la majaribio lenye vyuma vya kuhamishika ili abadilishe mdundo wa mbele na wa nyuma kadiri alivyotaka. Aligundua kuwa abiria hutulia pale springi za mbele zinapokuwa na mdundo wa polepole kidogo kuliko za nyuma. Gurudumu la mbele hugonga tuta kwanza. La nyuma, likiwa na haraka zaidi, huliwahi la mbele, na bodi huacha kubembea kama mashua. Uvumbuzi huo haukudai springi laini zaidi kwa jumla, ila uhusiano sahihi kati ya ncha mbili za gari. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ugumu wa magari ya michezo ni kubembea kwa namna hiyo, na huweza kurekebishwa bila kugusa utii.

Kwa upande wa vifyonza mshtuko, ambavyo mafundi wengi huviita shokapu, mambo ni magumu zaidi. Ili bodi isiyumbe kwenye kona, kifyonza mshtuko lazima kipinge mwendo wa polepole kwa nguvu; ili msafiri asipigwe na kila kokoto, kinapaswa kuachia mwendo wa haraka. Kikiwa kigumu kupita kiasi hakimuumizi abiria tu: gurudumu lenyewe, ambalo hudunda mara 10 hadi 15 kwa sekunde kati ya lami na springi, huanza kurukaruka, na tairi iliyo hewani haina kani ya upande yoyote. Kwenye lami laini ya kiwanja cha mashindano ugumu huo haudhuru. Kwenye barabara ya kawaida yenye viraka huondoa starehe na mshiko kwa pamoja. Katika eneo hili, basi, starehe na utii haviko pande mbili za mizani. Viko upande mmoja mpaka kiwango fulani, na kiwango hicho hutegemea ubaya wa barabara.

Ushahidi wa jambo hilo ulionekana Afrika Mashariki kwa macho ya maelfu ya watu. Mwaka 1971 na tena mwaka 1973, mbio za magari za Safari zilishindwa na Datsun 240Z, gari la michezo la viti viwili kutoka Japani. La kwanza likiendeshwa na Edgar Herrmann, la pili na Shekhar Mehta. Gari linalokwenda kasi juu ya udongo, mawe na madimbwi haliwezi kufungiwa springi fupi ngumu, kwani gurudumu lisiloweza kufuata shimo haliwezi kuongoza. Linahitaji urefu wa mwendo wa springi na vifyonza mshtuko vinavyoishi. Waliozoea kuliona gari la michezo kama kitu cha lami pekee wanaweza kushangaa, lakini kwa mhandisi hakuna la ajabu: kwenye njia mbovu, anayetaka utii hulazimika kuanza na ulaini.

Kifaa kidogo kinachosahaulika ni bushi ya mpira inayounganisha mkono wa gurudumu na bodi. Ikiwa laini hufyonza pigo la ukingo wa shimo, lakini huruhusu gurudumu lisogee pasipo amri. Ikiwa ngumu, hutii na kupiga kelele. Wasanifu wa Porsche walionesha mwaka 1977, katika gari la 928, kwamba mpira huo unaweza kufanywa mtumishi wa pande zote mbili. Ekseli ya nyuma ya gari hilo, iliyopewa jina la mji wa Weissach, ilipangwa hivi kwamba dereva anapoachia mafuta ghafla katikati ya kona, kulegea kwa bushi hulielekeza gurudumu ndani kidogo na kulituliza gari badala ya kulizungusha. Kilichokuwa udhaifu wa mpira kikawa kinga. Gari la 928 lilitunukiwa kuwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya kwa mwaka 1978, heshima isiyo ya kawaida kwa gari la michezo.

4.0 Uzito: Hethel na Dieppe

Ikiwa kuna ufunguo mmoja wa mgogoro huu, ni uzito wa gari. Linapokata kona, mzigo huhama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje kwa kiasi kinacholingana na uzito wake na kimo cha kitovu cha uzito huo, kikigawanywa na upana kati ya magurudumu. Gari zito lililo refu kwenda juu huinama sana, na njia nyepesi ya kulizuia ni springi ngumu na vyuma vinene vya kuzuia mlalo. Gari jepesi lililo chini halihitaji kuzuiwa kwa nguvu hiyo. Springi zake zinaweza kuwa laini na bado likasimama wima. Tairi zake zinaweza kuwa nyembamba, na tairi nyembamba haihitaji msaada wa kuizungusha, hivyo hakuna pampu wala mota ya kufunika habari inayopanda kutoka chini. Faida moja huzaa nyingine.

Lotus Elise lilioneshwa Frankfurt mwaka 1995 na kuanza kutengenezwa mwaka uliofuata huko Hethel, kijiji cha Norfolk nchini Uingereza. Mifupa yake ilikuwa ya vipande vya alumini vilivyounganishwa kwa gundi, na uzito wa gari zima la awali ulitajwa kuwa takriban kilo 725. Tairi zake za mbele zilikuwa na upana wa milimita 185. Usukani haukuwekewa msaada wa aina yoyote, na hali ikabaki hivyo mpaka uzalishaji ulipokoma mwaka 2021. Kiti chake kilikuwa na mto mwembamba na kelele za injini hazikuzuiwa kwa bidii, hivyo haifai kulisifu kwa anasa lisiyokuwa nayo. Lakini springi zake zilikuwa laini kuliko wengi walivyotarajia, na barabara za mashambani za Norfolk, zenye mabonde na viraka, zilipita chini yake bila kulirusha. Elise lilirudisha somo ambalo kampuni hiyo hiyo ilikuwa imelitoa mwaka 1962 kwa gari la Elan, lililokuwa na uzito chini ya kilo 700.

Mtu angeweza kusema kuwa somo la Elise ni la zamani, la magari yasiyo na mifuko ya hewa wala viyoyozi. Ndiyo maana mfano wa Alpine A110, uliozinduliwa Geneva mwaka 2017 na kutengenezwa Dieppe nchini Ufaransa, una uzito zaidi katika hoja hii. Gari hilo lina vifaa vya usalama vya kisasa, na usukani wake una msaada wa umeme. Bado uzito wake ni takriban kilo 1,100. Kila gurudumu limeshikwa kwa mikono miwili inayolingana, mmoja juu na mmoja chini, mpango unaoliacha gurudumu libaki karibu na wima hata bodi inapoinama. Kwa kuwa mlalo hauidhuru tairi, wasanifu hawakuhitaji kuupiga vita, wakaweka springi laini na vyuma vyembamba. Vifyonza mshtuko si vya kielektroniki. Mwisho wa mwendo wake uliwekewa kizuizi cha haidroliki, kinacholipokea pigo kubwa polepole badala ya kuliachia ligonge mpira. Gari huinama kwenye kona, na kule kuinama humwambia dereva kiasi cha mzigo uliohama. Kama usukani wa umeme umeficha kitu, kiti kimekifichua.

Njia nyingine ipo, nayo ni ya fedha. Mwaka 1974 Dean Karnopp na wenzake walipendekeza kifyonza mshtuko kinachobadilisha ugumu wake papo hapo, kikitenda kana kwamba bodi imefungwa angani. Wazo hilo liliingia barabarani kwa namna mbalimbali. Mojawapo ni mafuta yenye chembe za chuma yanayogandishwa kwa sumaku, yaliyotumika katika Cadillac Seville ya mwaka 2002 na Corvette ya mwaka uliofuata. McLaren MP4-12C ya mwaka 2011 iliondoa kabisa vyuma vya kuzuia mlalo na kuviunganisha vifyonza mshtuko vyake kwa mabomba ya mafuta, ili gari likatae kuinama bila kukataa mashimo. Matokeo ni ya kusifika. Lakini kila mtambo wa aina hii huongeza bei, vitu vya kuharibika, na mara nyingi uzito uleule unaokuja kuutibu.

5.0 Kupoteza vyote viwili

Kama utii, hisia na starehe vingekuwa vinabadilishana kwa haki, gari lililopoteza kimoja lingepata kingine. Historia ya miaka ya karibuni inaonesha vinginevyo: yamekuwapo magari magumu na mabubu kwa wakati mmoja.

Chanzo kimoja ni tairi. Porsche 911 la kwanza, lililooneshwa mwaka 1963, lilikuwa na uzito wa takriban kilo 1,080 na tairi zenye upana wa milimita 165, zenye ukuta mrefu wa mpira. Carrera S ya mwaka 2011 ilikaribia kilo 1,400, na tairi zake za mbele zilikuwa na upana wa milimita 245 na ukuta usiofika milimita 86 juu ya rimu ya inchi 20. Ukuta huo ndio springi ya kwanza ya gari. Ukifupishwa, pigo la shimo huenda moja kwa moja kwenye chuma, na tairi pana hudai msaada mkubwa wa usukani. Rimu kubwa, zaidi ya hayo, ni uzito usiobebwa na springi. Sababu za kuzikuza zimo katika uhandisi, kwa kuwa breki kubwa zinahitaji nafasi. Lakini ni vigumu kukana kuwa sehemu nzuri ya sababu hizo ni macho ya mnunuzi.

Chanzo cha pili ni saa ya mashindano. Njia ya kaskazini ya Nürburgring nchini Ujerumani, yenye urefu wa takriban kilomita 20.8, imekuwa shule nzuri ya wahandisi kwa sababu ina mawimbi, vilima na kona za kila namna. Tatizo lilianza dakika za mzunguko zilipogeuzwa kuwa tangazo la biashara. Muda hupimwa na saa; hisia haina saa ya kuipima, wala maumivu ya mgongo hayaandikwi kwenye bango.

Chanzo cha tatu ndicho kinachowahusu zaidi washauri wa sera. Usukani wa umeme ulianza katika magari madogo, Suzuki Cervo ya mwaka 1988 ikitajwa kuwa la kwanza, na ukaingia katika gari la michezo la Honda NSX mwaka 1990, kwa toleo la giya za kujibadilisha pekee. Kwa miaka mingi watengenezaji wengine wa magari ya michezo waliukwepa. Kisha Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 443 ya mwaka 2009 iliweka lengo la wastani wa gramu 130 za kaboni dayoksaidi kwa kilomita. Pampu ya haidroliki inayozungushwa na injini hula nishati muda wote, hata gari linapokwenda moja kwa moja. Mota ya umeme hula inapohitajika tu. Mwaka 2011 Porsche waliweka usukani wa umeme katika 911, na malalamiko ya waliozoea usukani wa zamani yalisikika mara moja. Ferrari walifuata kwa 812 Superfast mwaka 2017. Baadaye Kanuni namba 2144 ya mwaka 2019 ilidai mfumo wa dharura wa kulirudisha gari kwenye mstari wake, kazi ambayo mota ya usukani huifanya kwa urahisi. Hakuna popote katika mlolongo huo ambapo mtu alichagua starehe dhidi ya hisia. Hisia iliondoka kwa sababu ya hesabu ya mafuta na ya usalama, hesabu zenye haki yake, bila yeyote kuulizwa thamani ya kilichoondoka.

6.0 Kinachopimwa na sheria

Kanuni namba 79 ya Umoja wa Mataifa ndiyo inayosimamia mifumo ya usukani katika nchi nyingi. Kwa gari la abiria inataka nguvu ya mikono isizidi niutoni 150 mfumo ukiwa mzima, na niutoni 300 msaada unapoharibika. Inataka pia usukani uelekee kurudi katikati, na gari liweze kwenda moja kwa moja bila masahihisho yasiyo ya kawaida. Ni masharti ya busara, hasa kwa dereva mwenye mikono dhaifu, na hakuna anayeyapinga. Lakini yote yanaitazama safari ya amri kutoka juu kwenda chini. Citroën SM na Lotus Elise, magari yaliyo mbali kama mbingu na ardhi katika kile yanachomwambia dereva, hayatofautishwi na vipimo hivyo katika jambo hilo.

Si kwamba kipimo hakipo. Kiwango cha ISO 13674 kinaeleza jaribio ambalo gari huendeshwa kwa kilomita 100 kwa saa huku usukani ukipelekwa kushoto na kulia polepole, wimbi moja kwa kila sekunde tano, na mashine ikiandika momenti ya mikono dhidi ya mchapuko wa upande. Mchoro unaopatikana huonesha msuguano, ukubwa wa eneo lililokufa katikati, na kasi ambayo uzito hujengeka. Maabara za watengenezaji huutumia kila siku. Kuendeleza jaribio kama hilo hadi karibu na ukomo wa mshiko, ili kuona kama momenti hushuka kabla ya kani ya upande kufika kilele, ni kazi ngumu zaidi, lakini haihitaji sayansi mpya.

Suala hili limepata haraka mpya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni betri. Tesla Roadster ya mwaka 2008 ilijengwa kwa msingi wa Elise na kuunganishwa Hethel. Ilibaki na usukani usio na msaada, lakini betri iliupandisha uzito wake hadi zaidi ya kilo 1,200. Magari makubwa ya michezo ya umeme yaliyofuata, kama Porsche Taycan ya mwaka 2019, yamevuka kilo 2,000. Betri huwekwa chini sakafuni na hushusha kitovu cha uzito, jambo linalosaidia. Uzito wenyewe hausamehe.

Sababu ya pili ni usukani usio na chuma kinachouunganisha na magurudumu. Infiniti Q50 ya mwaka 2013 iliuanzisha ikiwa na kiungo cha akiba. Tesla Cybertruck ya mwaka 2023 haina kiungo hicho. Katika gari la namna hii hakuna habari ya tairi inayoweza kufika mikononi kwa njia yake yenyewe. Mota iliyo nyuma ya usukani huzalisha uzito wote, na programu ndiyo inayoamua kama usukani utalegea tairi zinapokaribia kuteleza au utabaki na uzito uleule hadi mwisho. Nchi za Afrika Mashariki, ambazo hupokea magari mengi baada ya kutumika kwingine, zitayapokea pia maamuzi hayo yakiwa yamekwisha kuandikwa ndani ya kompyuta zake. Kifungu cha Kanuni namba 79 kinachodai usukani uelekee kurudi katikati ndicho kilicho karibu zaidi na suala hili, kwa kuwa kinahusu kile usukani unachofanya wenyewe mikononi mwa dereva. Hapo ndipo sharti la onyo la mserereko lingeweza kuongezwa pasipo kuivunja kanuni yote.